Wiki moja Kimali: Nyumba ikigeuka darasa, nani anasahihisha daftari?

TAREHE 17 Machi, 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote za awali, msingi na sekondari nchini kwa siku 30. Siku moja kabla ya hapo, mgonjwa wa kwanza wa virusi vya corona alikuwa amethibitishwa mkoani Arusha. Siku hizo 30 ziliongezwa, na watoto wa shule za msingi hawakurejea madarasani hadi tarehe 29 Juni.

Kwa siku zaidi ya mia moja, kila nyumba yenye mwanafunzi katika nchi hii iligeuka shule. Hakuna mzazi aliyeombwa ridhaa yake, wala hakuna aliyepewa semina. Aliyekuwa mkulima jana, leo aliamka mwalimu.

Miaka imepita na jambo hilo limeanza kusahaulika. Mijini, habari za kumfundisha mtoto nyumbani huzungumzwa kana kwamba ni shauri la watu wenye nafasi tu: mzazi mwenye kompyuta, intaneti, mtaala wa nje na mwalimu wa kulipwa kwa saa. Lakini anayetaka kujua kwa hakika nyumba inaweza kufundisha nini, na inashindwa wapi, hana budi kutoka mjini na kutazama kijijini.

Makala haya yanaitazama kaya moja ya Kimali, mkoani Simiyu, kwa wiki moja ya mwezi Mei, 2020. Kaya hii ni ya mfano na haina jina. Imejengwa kwa mambo ambayo yeyote aliyeishi Usukuma atayatambua: pamba, ng'ombe, viazi na redio. Wamo baba, mama, bibi na watoto watatu: binti wa darasa la saba, mvulana wa darasa la nne na mdogo wao wa darasa la kwanza.

Ikumbukwe kuwa Simiyu ni mkoa mchanga. Ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi, na unasifika kwa kilimo cha pamba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 mkoani humo. Ile ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu laki tano na nusu katika miaka kumi, na watu hawaongezeki kiasi hicho bila madarasa kufurika.

Jumatatu. Mama amepanga ratiba: asubuhi masomo, mchana kazi. Ratiba hiyo inadumu hadi saa tatu. Pamba imepasuka shambani, na pamba haingoji. Watoto wote watatu wanakwenda kuchuma, na masomo yanasogezwa hadi jioni. Jioni binti wa darasa la saba anasonga ugali, na mdogo wao amesinzia kabla chakula hakijaiva.

Jumanne. Redio inawashwa. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) imeandaa vipindi vya masomo vinavyorushwa redioni na kwenye televisheni. Televisheni nyumbani hapo haipo. Mvulana wa darasa la nne anasikiliza somo la hisabati, anaelewa nusu ya kwanza, kisha anapotea njiani. Mwalimu wa redioni haoni uso wa mwanafunzi aliyekunja kipaji. Anaendelea mbele, na kipindi kinakwisha.

Jumatano. Ni zamu ya mvulana kuchunga. Ng'ombe hawajui habari za corona. Anaondoka na daftari ndani ya shati, na anarudi nalo jioni likiwa na ukurasa uleule. Hata hivyo si haki kusema hakujifunza kitu. Anawajua ng'ombe wa babaye mmoja mmoja kwa rangi na pembe, anajua lambo lipi bado lina maji na majani yapi yana madhara. Maarifa hayo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba hakuna mtihani unaoyauliza.

Alhamisi. Siku hii ndiyo bora kuliko zote, na mwalimu ni bibi. Bibi huyu ni zao la kisomo cha watu wazima, kampeni iliyopamba moto baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Akiwa anakata viazi vya kutengeneza michembe, anamketisha mjukuu wa darasa la kwanza na kumwandikia herufi mchangani kwa kijiti. Anazitamka kwa Kiswahili na kuzieleza kwa Kisukuma. Hadi jua linapozama, mtoto anaweza kuandika jina lake mwenyewe.

Ijumaa. Baba anatenga pamba safi na chafu, kisha anampa binti kazi ya kukadiria kilo na kuzidisha kwa bei. Binti anakokotoa kwa haraka, na baba anafurahi. Lakini binti anapomletea swali la sehemu na desimali kutoka kwenye daftari lake la shule, baba anakaa kimya. Yeye aliishia darasa la nne. Anamwambia amngoje mwalimu. Hakuna ajuaye mwalimu atarudi lini.

Jumamosi. Mama anafua, binti anachota maji na kutafuta kuni. Anatoa daftari usiku kwa mwanga wa tochi ya simu, hadi baba anapoihitaji simu yake. Mwaka huo ndio wake wa kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

Jumapili. Baada ya ibada, wageni wanapita kusalimia. Miongoni mwa mazungumzo ya mvua na bei ya pamba, mgeni mmoja anauliza binti huyu ana umri gani sasa. Swali limeulizwa kwa upole na linajibiwa kwa upole. Binti yuko jikoni, na amelisikia.

Hiyo ndiyo wiki moja. Ukiizidisha mara kumi na tano, unaipata likizo yote ya corona.

Tujiulize: je, wiki hiyo ilikuwa ya elimu au ya kupoteza muda? Jibu la haki ni kwamba ilikuwa yote mawili. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kabla ya shule ya kwanza kujengwa katika nchi hii, watoto wa Usukuma walifunzwa kwenye shikome, moto wa jioni ambapo wazee waliwarithisha vijana historia, adabu na kazi. Mwalimu Julius Nyerere naye, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alikiri kwamba kutokuwapo kwa shule kabla ya ukoloni hakukuwa na maana ya kutokuwapo kwa elimu. Watoto walijifunza kwa kuishi na kwa kutenda.

Kwa hiyo si kweli kwamba nyumba ya mkulima haiwezi kufundisha. Bibi wa Alhamisi alifundisha kwa ustadi ambao darasa lenye watoto mia moja haliwezi kuupata: mwalimu mmoja, mtoto mmoja, na lugha anayoielewa.

Lakini wiki hiyohiyo inaonyesha nyumba hiyo ilipokwama, na haikukwama kwa uvivu wala kwa kukosa moyo. Ilikwama kwa kukosa vitu vitatu: kitabu, saa na msahihishaji.

Kitabu kwanza. Vitabu vya kiada katika shule za serikali ni mali ya shule, na kwa kawaida hubaki shuleni. Mtoto huondoka na alichonakili ubaoni. Shule ilipofungwa, nyumba ilibaki na daftari lililoishia katikati ya mada, ilhali kitabu chenye mwendelezo wa mada hiyo kilikuwa kabatini, nyuma ya kufuli.

Pili ni saa. Shule, hata ikiwa duni, humpa mtoto kitu ambacho nyumba ya mkulima haiwezi kumpa: saa kadhaa ambazo hakuna anayeruhusiwa kumtuma. Mtoto akiwa darasani, ng'ombe watatafutiwa mchungaji mwingine na maji yatachotwa na mwingine. Akiwa nyumbani, yeye ndiye mwingine huyo. Na kwa mtoto wa kike saa hizo ni ngao pia, kwani binti aliye shuleni huitwa mwanafunzi, na binti aliye nyumbani huanza kuulizwa umri wake.

Tatu ni msahihishaji. Kila mzazi anaweza kufundisha hadi pale alipoishia yeye. Baba wa Ijumaa alifika kwenye mpaka wake, akanyamaza. Mzazi wa mjini akifika kwenye mpaka huo humwita mwalimu wa tuisheni. Wa Kimali humwambia mwanawe angoje.

Hapa ndipo tofauti inapoonekana kati ya familia iliyochagua na familia iliyoachwa. Nchini Marekani, kumfundisha mtoto nyumbani kumeruhusiwa katika majimbo yote 50, ingawa masharti hutofautiana. Uingereza nayo, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, humtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu, iwe shuleni au kwa njia nyingine. Ujerumani kwa upande wake husisitiza kwamba mtoto lazima aende shule. Nchi hizo zinatofautiana, lakini kila moja imelizungumza jambo hilo kisheria na kulitolea msimamo.

Sheria yetu ya Elimu ya mwaka 1978 ilipotungwa iliagiza kila mtoto aliyetimiza miaka saba na asiyefika 13 aandikishwe shule, na ahudhurie hadi amalize. Haikuitaja nyumba ya mzazi kama mahali mbadala. Kenya nayo, katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ilimtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto anahudhuria shuleni. Nia ya sheria hizo ni njema, maana ziliandikwa kumlinda mtoto dhidi ya kaya itakayomficha machungani. Lakini mwaka 2020 serikali zenyewe ndizo zilizofunga milango ya shule, na nyumba ambayo sheria haikuitambua ikawa ndiyo shule pekee iliyobaki.

Tanzania ilifungua mapema. Kenya ilirudisha baadhi ya madarasa Oktoba 2020 na wanafunzi wote Januari 2021. Uganda ilikaa karibu miaka miwili. Shule zake zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari, 2022, na wapo watoto ambao hawakurudi kabisa. Kadiri nyumba inavyoachwa peke yake, ndivyo safari ya kurudi inavyokuwa ndefu.

Ni haki kusema kwamba zimefanyika juhudi za maana. Fedha za mpango wa maendeleo kwa ustawi wa Taifa na mapambano dhidi ya Uviko-19, shilingi trilioni 1.3, zilijenga vyumba vya madarasa 15,000, vikiwamo 3,000 vya shule shikizi, zile zinazosogezwa karibu na watoto wanaoishi mbali na shule mama. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango wa kurudi waliokatisha masomo, wakiwamo wasichana waliojifungua. Mpango wa MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990, umekuwa njia ya waliochelewa au kuikosa elimu ya msingi. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa mjini Dodoma mwaka 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi.

Juhudi zote hizo, hata hivyo, zinamtazama mtoto akiwa shuleni au akiwa njiani kurudi shuleni. Hakuna inayoitazama ile jioni ya Alhamisi, bibi na kijiti chake mchangani. Miaka kumi ya lazima itadai kaya za Kimali zimwachie mtoto kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani, na kaya haiwezi kuwa mshirika wa jambo ambalo haikupewa nyenzo zake.

Hatua za kuanzia wala si za gharama kubwa. Mtoto aruhusiwe kuazima kitabu cha kiada, hasa wakati wa likizo, hata kama vichache vitarudi vimechakaa. Kitabu kilichochakaa mkononi mwa mtoto kimefanya kazi kuliko kipya kilichofungiwa. Kila kitongoji kiwe na siku moja ya wiki katika likizo ndefu ambapo mtu aliyesoma, awe mwalimu mstaafu au kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayapitia madaftari ya watoto. Simiyu iliwahi kujijengea jina kwa kambi zake za kitaaluma wakati Anthony Mtaka akiwa Mkuu wa Mkoa. Moyo uleule unaweza kuteremka hadi kwa mtoto wa darasa la nne. Na wazazi nao, katika mikutano ya kijiji, wakubaliane saa ambazo mtoto hatumwi, pamba iwe imepasuka au haijapasuka.

Wanaotaka sheria iruhusu elimu ya nyumbani kwa hiari yao wana haki ya kusikilizwa. Lakini mjadala huo ukiishia kwao tu, utakuwa mjadala wa wachache. Walio wengi walishafundisha nyumbani bila hiari, kwa mwanga wa tochi ya simu, na bado wanafanya hivyo kila likizo na kila mvua inapokata njia ya kwenda shule.

Swali la mvulana wa darasa la nne lilibaki kwenye daftari lake, bila alama ya vema wala ya kosa. Nyumba ilifanya sehemu yake. Aliyepaswa kulisahihisha daftari hilo bado hajafika.