Stempu Katika Sanduku la Marehemu



Mzee akifariki, shamba hupimwa na vyombo hugawiwa, bali sanduku la barua zake huishia jaani. Sisi wa Jomvu Kuu, ambao wengi wetu tuna jamaa Lamu na Unguja, yafaa tulifungue kwanza.

Mwezi wa Mei 1890, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki haikuwa bado na stempu zake. Ilitumia zile za Uingereza zenye sura ya Malkia Victoria, zikapigwa chapa ya jina la Kampuni na thamani mpya kwa sarafu ya Kihindi: nusu ana, ana moja na ana nne. Mwaka huohuo zikafuata stempu za jua na taji. Huko Unguja, mwaka 1895, stempu za Bara Hindi zilipigwa chapa ya “Zanzibar”; chache zikatoka kwa kosa, “Zanzidar”. Herufi hiyo moja iliyokosewa ndiyo wanayoisaka wakusanyaji hadi leo.

Basi tusiibandue stempu wala tusiikate. Bahasha nzima, yenye muhuri wa posta na tarehe yake, hueleza mengi zaidi, na aghalabu thamani yake huzidi.

Wala asiiuze mtu peke yake kwa siri. Hiyo ni mali ya mirathi. Kila mrithi ana haki yake, hata kama kitu chenyewe ni kidogo kama ukucha.