Bastola kwa Askari wa Lindo: Tudai Nini?



Katika matawi yetu ya Kitale na Bungoma neno moja larudi kila tukikutana: askari wa lindo wapewe bastola. Wanaosema hivyo wana haki ya kukasirika. Mtu aachwa usiku kucha mlangoni mwa ghala la mahindi na rungu, tochi na filimbi, naye ajua kwamba upande wa Pokot na upande wa Mlima Elgon bunduki za magendo zimezunguka miaka mingi. Wenzetu wa Cheptais na Kopsiro hawahitaji kuelezwa. Waliyaona wenyewe tangu 2006 hadi 2008. Basi hatuwacheki wanaodai. Lakini twasema wazi kwamba bastola bila mafunzo tusiipokee, hata tajiri akiileta bure.

Wengi wetu bastola tumeijua kwa sinema. Mtu achomoa, apiga mara moja, adui aanguka. Tazameni mambo yalivyo kwa watu ambao kazi yao ni hiyo. Polisi wa New York walichunguzwa, na taarifa ikatolewa mwaka 2008: katika mapigano ya kurushiana risasi tangu 1998 hadi 2006, risasi zao zilizompata mtu waliyemlenga zilikuwa kama 18 katika kila 100. Nyingine zilikwenda kwingine. Mwaka 2012, karibu na jengo la Empire State katika mji huo huo, polisi wawili walimpiga risasi muuaji mmoja mchana, njiani penye watu. Walifyatua risasi 16, na wapita njia tisa wakajeruhiwa. Hao ni watu waliofunzwa. Je, sisi usiku, taa imezimika, mikono yatetemeka, na nyuma ya jambazi kuna nyumba za majirani?

Na iko habari ya umbali. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu aweza kukimbia futi 21 kwa sekunde moja na nusu hivi, yaani muda ule ule ambao mtu aliyezoea huhitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Futi 21 ni kama mita sita na nusu. Kila mmoja na apime leo kutoka kiti chake cha lindo mpaka lango. Wengi mtaona ni pungufu. Asiyezoea atakutwa mkono ungali kwenye mfuko wa bastola, na silaha itakuwa ya mwizi. Tena mwizi akijua unayo, huenda hiyo ndiyo atakayoifuata, mahindi ayaache.

Mtasema: mbona Westgate, Septemba 2013, raia wenye leseni waliingia na bastola wakawatoa watu? Ni kweli, na twawaheshimu. Lakini wale hawakushika silaha kwa mara ya kwanza siku ile. Na mle mle ndani ofisa wa kikosi cha GSU aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa upande wake. Mwenye silaha asiyejulikana na wenzake hudhaniwa adui. Polisi wakifika langoni kwako usiku wakakuta mtu amesimama na bastola, watajuaje kwamba wewe ndiwe askari?

Kuna na korti. Sheria ya Kenya yamruhusu mtu kujitetea, lakini nguvu aliyotumia itapimwa. Atakayesimama kizimbani ni yule aliyefyatua. Tajiri atakuwa nyumbani kwake.

Kwa hiyo tajiri atakayetaka askari wake washike bastola, tumwambie haya. Leseni ziwe halali. Mafunzo yawe ya mwalimu anayetambuliwa, nayo yarudiwe kila miezi michache, kwa risasi zinazonunuliwa na kampuni na kwa saa zinazolipwa mshahara. Mtu afunzwe gizani na tochi mkononi. Afunzwe kujificha nyuma ya ukuta, kupiga kelele ya onyo, na zaidi ya yote kujua wakati wa kutofyatua. Asiyefaulu asipewe silaha, wala asifukuzwe kazi. Wakili alipwe na kampuni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 imekwisha kumtwika mwajiri wajibu wa kuwafunza watu wake, na ile ya fidia ya mwaka huo huo yahusu majeraha ya kazini, hatuombi hisani.

Na hata kwa aliyefunzwa vizuri, kazi ya bastola iwe kumpatia nafasi ya kujificha na kuita msaada. Hatukuajiriwa kukamata majambazi.

Yako mambo ambayo hayangoji leseni: askari wawili kila lindo, taa inayowaka, mlango wa chuma wa kujifungia ndani, na simu yenye salio la kampuni. Kitale kuna malindo ambayo hata choo hakuna, na askari huiacha silaha yake, yaani rungu, aende vichakani. Wajumbe wa matawi waandike hali ya kila lindo, jina la mahali na upungufu wake, wakabidhi karatasi kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Hizo ndizo tutakazoweka mezani mbele ya waajiri kwanza, na habari ya bastola itafuata.