Karakana moja Butembo, nyingine Beni

Kufungua opsioni, yaani mchepuo, ya biashara katika shule ya sekondari ya Butembo, mashariki mwa Kongo, kunataka chumba, ubao, boksi la chaki na mwalimu aliye tayari kuungojea mshahara. Opsioni ya umeme inataka hayo yote, kisha nyaya, swichi, mita za kupimia, mota za kufumuliwa na kusukwa upya, na umeme wenyewe. Ya mekanika inataka jiliwa, tupa, mashine ya kuchomelea na vyuma vya kuharibu, maana hakuna aliyejua kuchomelea bila kuharibu chuma kwanza. Mkuu wa shule, au prefe kama wanavyomwita huko, hahitaji kupiga hesabu ndefu ili ajue ipi itamtoa jasho.

Hesabu hiyo fupi ndiyo inayoamua vijana wa Kivu Kaskazini wasome nini. Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 11, 2014 iliweka miaka 8 ya elimu ya msingi, kisha miaka 4 ya sekondari ya juu, ambako kijana huchagua njia yake: sayansi, ualimu, biashara, kilimo, ujenzi, umeme, mekanika, ushonaji. Kwenye karatasi milango ni mingi. Mtaani, mlango wa ubao na chaki uko wazi kila kona, na ule wa nyundo na randa ni wa kutafuta. Hata shule yenye neno “ufundi” kwenye kibao chake mara nyingi humfundisha mwanafunzi mota kwa kumchorea mota.

Mtihani wa Serikali nao haumsukumi sana prefe abadilike. Mtihani huo, ulioanza 1967, una kikao kikuu cha siku 4 ambapo mtahiniwa huchagua jibu moja kati ya kadhaa. Wa ufundi hupitia pia mtihani wa vitendo mbele ya jopo, lakini jopo haliwezi kumdai kijana kazi kubwa kuliko vifaa alivyowahi kushika. Hivyo mtu anaweza kuwa na diploma ya serikali ya umeme na bado akaita fundi wa jirani aje amfungie swichi nyumbani kwake.

Fundi huyo wa jirani ndiye kiini cha jambo hili. Butembo haikosi ufundi hata kidogo. Mji ulioishi miaka mingi bila umeme wa shirika la taifa, ukijiwashia taa kwa genereta, ulilazimika kuwa na watu wanaojua kuzifufua. Mbao za misitu ya Ituri zinageuka vitanda na milango kando ya barabara. Chukudu, ule mkokoteni wa mbao wenye magurudumu 2 unaoteremsha viazi na makaa kutoka milimani, huchongwa na watu ambao wengi wao hawakuingia shule yoyote ya ufundi. Pikipiki inayotolewa kwenye kreti huunganishwa gereji na vijana walioanza kwa kumshikia bosi wao spana.

Kwa hiyo kuna makundi mawili yanayopishana njiani kila asubuhi. La kwanza lina karatasi na halina mkono. La pili lina mkono na halina karatasi, kwa sababu mwanagenzi wa gereji hahesabiwi na shule, na serikali yenyewe imeigawa kazi: shule za sekondari ziko chini ya wizara moja, mafunzo ya ufundi stadi chini ya nyingine. Taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, INPP, ipo tangu 1964, lakini haikuundwa ili iwe karakana ya kila shule.

Wenye kutetea elimu ya ufundi huishia kuomba shule zaidi. Butembo na Beni zinahitaji kitu kingine: karakana moja kubwa ya pamoja katika kila mji, inayotumiwa kwa zamu na shule zote zenye opsioni za ufundi, ziwe za Kikatoliki, za Kiprotestanti au za serikali, na mafundi wa mjini wakiwa walimu humo.

Kuna sababu ya fedha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kongo, wakati huo Zaire, iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi ndio walioibeba shule mgongoni kwa michango ya kila muhula. Shule ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure Septemba 2019. Sekondari haikuguswa na tangazo lile. Mzazi anayelipa ili mwalimu ale hawezi kuombwa tena anunue mashine ya kuranda, na shule kumi haziwezi kununua mashine kumi. Zinaweza kununua moja.

Kenya ilijaribu njia nyingine, na iliigharimu. Mfumo wa 8-4-4 uliofuata ripoti ya tume ya Mackay ya 1981 na kuanza 1985 ulitaka mtoto ashike patasi na jembe tangu msingi. Nia ilikuwa nzuri. Lakini kila shule iliachiwa ijijengee karakana, na mzigo ukawaangukia wazazi. Nyingi ziliishia kuta bila vifaa, au vifaa bila walimu, na baada ya miaka masomo hayo yakaanza kupunguzwa. Kenya haikukosea kupenda kazi ya mikono. Ilikosea kugawa umaskini sawasawa, kila shule ikapata kipande kisichofaa kitu.

Tanzania sasa iko njiani. Sera yake ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na wanafunzi wa kwanza wa kidato cha kwanza waliuanza Januari 2024 katika shule chache zilizoteuliwa. Kuanza na chache ni busara. Swali litakalowafikia Watanzania ni lilelile la Butembo: shule ya kata isiyo na karakana itafanya nini zamu yake ikifika?

Butembo ina faida ambayo miji mingi haina. Imezoea kujifanyia. Wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi alipopelekwa Bukavu 1997, Kanisa na wafanyabiashara walichangishana kutengeneza barabara ambazo Kinshasa ilizisahau. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilifunguliwa Butembo 1989, mbali kabisa na vyuo vikubwa vya nchi. Wafanyabiashara wa mji, wa kabila la Wanande, wanaoagiza shehena Guangzhou na Dubai na kuzipitisha Mombasa na Uganda hadi mpaka wa Kasindi, si watu wa kuogopa bei ya mashine 4 za kuchomelea.

Historia hiyo ina upande wa pili, nao usifichwe. SENOKI, kampuni iliyoundwa ili umeme wa maji ya Ivugha ufike Butembo, ilibeba matumaini ya watu wengi na mradi wake ukadorora miaka nenda miaka rudi. Mchango wa pamoja bila hesabu za wazi huzaa manung’uniko, na aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Karakana ya pamoja ingekuwa jambo dogo kuliko bwawa, na udogo wake ndio usalama wake: mashine inaonekana kwa macho, ipo au haipo.

Kazi nayo ipo. Juni 2021 marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua kwenye mpaka wa Kasindi na Mpondwe mpango wa barabara wa kilomita 223, zikiwamo 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo, zilizokabidhiwa kampuni ya Uganda. Barabara ya namna hiyo hutaka wapima ardhi, wapima zege, waendesha mitambo na mafundi wa kuitengeneza. Mji usio na watu hao hutoa wachimba mitaro. Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, mtambo mdogo wa umeme wa maji uliozinduliwa 2013 na Hifadhi ya Virunga umeonyesha jinsi umeme unavyoita viwanda vidogo, na kila kiwanda kidogo huita fundi wa kukitunza.

Upande wa Beni, somo lenyewe linaota shambani. Mnyauko uliiangamiza kahawa ya Beni na Lubero kwenye miaka ya 1990, na kakao ikachukua nafasi yake hadi wilaya ya Beni ikawa mojawapo ya vituo vikuu vya kakao nchini. Bei ya kakao hutegemea sana jinsi mbegu zilivyovundikwa na kukaushwa: siku 5 hadi 7 ndani ya masanduku ya mbao, kuzigeuza kwa wakati, kisha juani hadi unyevu ubaki kama asilimia 7. Hilo ni somo la kemia, la useremala na la biashara kwa mkupuo mmoja. Butembo ina shule ya kilimo na mifugo inayojulikana, ITAV, na kilimo ni opsioni halali ya serikali. Kijana wa Beni anayemaliza opsioni hiyo bila kuvundika gunia hata moja la kakao amenyimwa kitu kilichokuwa mita chache kutoka dirisha la darasa lake.

Mtu wa Beni atauliza mara moja: karakana, katika vita hivi? Swali ni la haki. Mtoto aliyezaliwa Beni 2010 alikuwa na miaka 4 mauaji ya kundi lenye silaha la ADF yalipoanza Oktoba 2014. Alikuwa na 8 Ebola ilipotangazwa Mangina Agosti 1, 2018, ugonjwa uliochukua roho 2,287 kabla ya kutangazwa umekwisha Juni 25, 2020. Alikuwa na 11 hali ya dharura ilipoanza Mei 2021, na 14 Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Juni 2024 na watu wa Lubero kukimbilia kaskazini. Goma, mji mkuu wa jimbo, ilipochukuliwa nao Januari 2025, gavana wa jimbo aliweka ofisi Beni.

Kwa hali hiyo, hoja ya karakana ya pamoja inapata nguvu badala ya kuipoteza. Vifaa vilivyotawanywa kwenye shule za vijijini huporwa shule ikikimbiwa. Vilivyowekwa mjini pamoja vinaweza kulindwa. Mwanafunzi aliyehama shule mara 3 hawezi kubeba maabara, lakini anaweza kuwekewa zamu Jumatano mchana popote alipoandikishwa. Na kijana asiye na kazi katika jimbo lenye makundi yenye silaha hakosi watu wa kumpa kazi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mafundi wenyewe. Kwa nini mwenye gereji amfundishe mtoto wa shule atakayefungua gereji mtaa wa pili? Na ni nani atakayezuia uanagenzi usigeuke kazi ya bure ya kufagia na kuchota maji? Mkono mtupu haulambwi: fundi alipwe kwa saa anazofundisha, aruhusiwe kutumia mashine za pamoja jioni kwa ada ndogo, na wanagenzi wake wasio na shule wapewe nafasi ya kufanya mtihani uleule wa vitendo na kupata cheti. Hapo kundi lenye mkono lingepata karatasi mahali palepale ambapo kundi lenye karatasi lingepata mkono. Wasichana nao, ambao kila mwaka husukumwa kwenye ushonaji kana kwamba sindano ndiyo chuma pekee wanachoruhusiwa kushika, wangeiona mashine ya kuchomelea ikiwa wazi kwa yeyote mwenye zamu.

Mwaka 1965 Philip Foster, akiichunguza Ghana, aliandika kwamba watoto hawakuzikimbia shule za kilimo kwa ujinga. Walikuwa wameona nani analipwa vizuri, wakafuata huko. Miaka 60 baadaye onyo lake bado linafaa, ila Butembo imelipindua. Humo anayelipwa mara nyingi ni yule anayejua kutengeneza, kusafirisha na kuuza. Ofisi za serikali zenye mishahara ya uhakika ni chache. Kijana wa leo anaiona gereji. Kinachomkwaza ni shule kumlazimisha achague kati ya gereji na diploma.

Mwaka wa masomo huanza Septemba. Kabla ya hapo, waratibu wa shule za Kikatoliki na za Kiprotestanti, ofisi ya elimu ya serikali na shirikisho la wafanyabiashara, FEC, wangeweza kukaa meza moja Butembo, na siku nyingine Beni, wakakubaliana nani anatoa jengo, nani anashika ufunguo na hesabu zitabandikwa ukuta gani. Orodha ya kwanza ya manunuzi ni nusu ukurasa: jiliwa, tupa, randa, misumeno, mita za kupimia umeme, nyaya, mashine za kuchomelea, cherehani, genereta moja na mbao za masanduku ya kakao. Karibu vyote vimekwisha kupita Kasindi, na viko kwenye rafu za maduka ya Butembo vikisubiri mnunuzi.