Kinga Apewe Mvuvi, Si Serikali

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege yenye watu 43 ilianguka ziwani Bukoba. Wavuvi walitangulia kufika na mitumbwi yao. Watu 19 walipoteza maisha. Wavuvi hao hawakulipwa mshahara wa uokoaji. Iwapo mmoja wao angemvunja mkono abiria alipokuwa akimvuta mlangoni, nisingekubali ashtakiwe. Huyo amejitolea kwa nia njema, anastahili kinga.

Sasa tuigeukie Serikali, yenye kodi, magari na mawakili. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inatamka kuwa Serikali huwajibika kwa madhara kama mtu mwingine. Maneno matamu! Lakini mkulima wa Muleba akigongwa na gari la halmashauri, tangu marekebisho ya mwaka 2020 sharti atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aipite mahakama ya wilaya yake na kwenda Mahakama Kuu, Bukoba. Hata akishinda, mali ya Serikali haikamatwi.

Tunaambiwa utaratibu huu hulinda fedha za umma. Je, mkulima si umma? Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Pumbun, ilibatilisha sharti la kupata ridhaa ya Serikali kabla ya kuishtaki. Mlango uliofunguliwa na majaji umerundikiwa magogo.

Nasema: madai madogo yarudishwe mahakama za wilaya, na hukumu zilipwe. Mkubwa akikosa, alipe.