Mazoezi ni dawa, lakini nani anapima dozi?

Kijana mwenye sonona akisema hana nguvu hata ya kutoka kitandani, ushauri wa haraka huwa ni huu: "Nenda ukimbie kidogo, utakuwa sawa." Ushauri huo una ukweli ndani yake. Tatizo ni namna unavyotolewa.

Tuanze na ukweli. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 156 wenye sonona. Kundi moja lilifanya mazoezi, la pili lilimeza dawa ya sertraline, la tatu lilipata vyote viwili. Baada ya wiki 16, nafuu ya makundi hayo ilikaribiana. Hao walikuwa watu wa miaka 50 kwenda juu. Kuhusu vijana, tuna uchambuzi wa jarida la BMJ wa mwaka 2024, uliokusanya majaribio 218 yenye washiriki zaidi ya 14,000. Kutembea, kukimbia, yoga na kunyanyua vyuma vyote vilisaidia, na vyuma vilionekana kuwafaa vijana zaidi. Ushahidi huu una udhaifu: huwezi kumpa mtu mazoezi bandia asijue, kama unavyoweza kumpa kidonge bandia.

Lakini tazama walivyofanya kule Duke. Mazoezi yalikuwa mara tatu kwa wiki, kwa muda uliopangwa, mbele ya msimamizi. Hiyo ni tiba. "Nenda ukimbie" ni maneno tu, tena kwa mtu ambaye ugonjwa umemwibia kitu kile kile anachokihitaji ili akimbie, yaani ari.

Hapa ndipo sisi waandishi wa programu tunapoingia, na sidhani tunafanya vizuri. Programu nyingi za simu hudai hatua 10,000 kwa siku. Nambari hiyo ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, Manpo-kei, ambacho jina lake lenyewe linataja hatua 10,000. Ilikuwa biashara, haikutoka kwa daktari wa sonona. Halafu ukikosa siku moja, mfululizo wako unarudi sifuri. Kwa mtu mzima wa afya huo ni mchezo. Kwa kijana ambaye akili yake inamwambia kila asubuhi kwamba ameshindwa maisha, simu inamthibitishia.

Mimi ningeandika programu hiyo tofauti. Ianze na dakika tano za kutembea. Isifute kamwe kilichokwisha kufanywa. Mtumiaji akinyamaza siku tatu, imjulishe rafiki aliyemchagua mwenyewe, si kumtumia king'ora kingine. Na taarifa zake zisiuzwe kwa mtu yeyote.

Simwambii mtu aache dawa zake. Hilo ni la kuzungumza na daktari. Na anayewaza kujiua asisubiri mazoezi yamsaidie. Apelekwe hospitali leo, na asiachwe peke yake.

Kwa wengine wote, kama una ndugu au rafiki mwenye sonona, usimwambie "nenda". Vaa viatu umwambie "twende", na kesho kutwa urudi tena. Hakuna programu niliyoiona inayoweza kazi hiyo.