Rangi Isipotokea Kwenye Ngozi Yako, Kosa Si Lako

Unakumbuka ukiwa shule ya msingi, ukifunika daftari kwa karatasi ya kaki halafu unajaribu kuipamba kwa penseli za rangi za bei ya chini? Unasugua njano, haitoki. Unasugua waridi, kinatoka kitu kama vumbi. Unabonyeza hadi ncha inavunjika. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kaki ndiyo mbaya. Sote tulijua tu kwamba zile penseli hazina rangi.

Sasa niambie kwa nini tukishakua tunalisahau hilo.

Mwaka jana, asubuhi ya harusi ya binamu yangu, nilisimama mbele ya kioo cha bafu na kisanduku cha rangi za kope. Vyumba kumi na viwili, kila kimoja kinameremeta kuliko jirani yake. Nilikuwa nimekilipia Sh800 katika kiduka kimoja cha eksibisheni hapa katikati ya jiji, na nilikuwa nimeitamani ile zambarau wiki nzima. Nikapaka mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili nikaona kivuli cha kijivu. Kufikia mara ya tano nilikuwa nafanana na mtu aliyetoka kupuliza jiko la makaa. Nje, mathree tuliyokodi inapiga honi, na shangazi anauliza kwa sauti kama mimi ndiye bibi harusi. Nikafuta yote, nikapaka wanja, nikaenda.

Zile Sh800 ziliniuma, sikatai. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuja Jumatatu niliporudi kulalamika. Muuzaji alinitazama usoni, akatazama kisanduku, akaniambia kwa upole kabisa: "Mrembo, hizi rangi zinashika watu weupe. Wewe anza kwanza na hii." Akageuka, akatoa kwenye rafu ya nyuma mkebe wa krimu ya kung'arisha ngozi.

Hebu ona njia ilivyo fupi. Unaingia kununua rangi ya kope, unatoka umeambiwa ubadilishe ngozi. Na mkebe wenyewe si mchezo. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na kuna sababu. Zebaki hupenya ngozini na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu huacha mabaka meusi ambayo ni kazi kubwa kuyaondoa. Bado krimu za aina hii zinauzwa chini ya meza, na wateja wake wengi ni wasichana wa rika letu ambao mahali fulani, siku fulani, mtu aliwaambia kwamba rangi haiwashiki.

Kwa hivyo msimamo wa safu hii leo ni mmoja: kama rangi haionekani kwenye ngozi yako, hiyo rangi ni mbovu, na hupaswi kuilipia kabla hujaiona ikitokea.

Nieleze kidogo kinachoendelea ndani ya kile kisanduku. Kipodozi kinapata rangi kwa njia mbili kuu. Kuna rangi za kuyeyuka, zile zinazoingia kwenye kimiminika kama chumvi kwenye maji, na huacha mng'ao mwepesi unaopitisha mwanga. Halafu kuna pigmenti, ambazo ni unga laini usioyeyuka. Unga huo hukaa juu ya ngozi na kuifunika. Nyekundu, njano, kahawia na nyeusi nyingi za usoni hutokana na oksidi za chuma, ndugu wa ile kutu unayoiona kwenye mabati. Pigmenti inagharimu pesa. Mtengenezaji anayetaka kubana matumizi hupunguza pigmenti na kujaza kisanduku kwa talki, kisha huongeza unga mweupe wa titani dioksidi ili rangi ionekane nzito ndani ya chombo. Kwenye ngozi nyeupe, weupe huo haugunduliki sana. Kwenye ngozi yangu na yako, ndiyo yale majivu. Nilichopaka asubuhi ile ya harusi kilikuwa chaki iliyovalishwa zambarau.

Ndiyo maana, nikiwa na pesa ya chapa moja tu, narudi kwa Revlon. Najua, ni chapa ya mama zetu. Mama yangu alikuwa na lipstiki yake moja kwenye mkoba wa kanisani na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Lakini historia yake inanifurahisha. Ilianza New York mwaka wa 1932, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati ndugu wawili, Charles na Joseph Revson, waliposhirikiana na mkemia Charles Lachman. Ile herufi L katikati ya jina ni yake. Walianza na bidhaa moja tu, rangi ya kucha, na ujanja wao ulikuwa ni huuhuu ninaokueleza: waliacha rangi za kuyeyuka wakatumia pigmenti. Kucha ikafunikwa kabisa. Lipstiki zilikuja baadaye, na mwaka wa 1952 wakatoa Fire and Ice, nyekundu moja ya midomo na kucha kwa pamoja.

Nimeijaribu hiyo nyekundu kwa wiki mbili na hii hapa ripoti yangu. Mpako mmoja, rangi imetoka. Sikuhitaji kusugua. Ila nataka nikwambie jambo ambalo video za watu wa ng'ambo hazikuambii: wengi wetu tuna midomo ya rangi mbili. Wa juu ni mweusi zaidi, wa chini una uwaridi. Lipstiki nyepesi hukuumbua hapo, mdomo wa juu unasema lingine na wa chini lingine. Iliyoshiba pigmenti inaiweka yote miwili sawa. Nikitaka kutulia, natumia kahawia yao iitwayo Toast of New York, na kwa wanja wa kahawia iliyokolea nazungushia kingo kama walivyofanya dada zetu wa miaka ya tisini. Wale walijua mambo.

Lakini rangi nzito ina adabu zake. Ukikosea ukingo, kila mtu kwenye mathree anaona. Inahamia kwenye kikombe cha chai, kwenye kola ya shati, kwenye shavu la nyanya yako ukimsalimia. Midomo iliyokauka inaonyesha kila ufa. Paka mafuta kwanza, subiri dakika chache, pangusa, ndipo upake rangi. Na kama wewe ni mtu wa kuuliza unachokula na unachopaka, soma nyuma ya pakiti: baadhi ya nyekundu zinatokana na karmini, inayotengenezwa kwa wadudu wadogo waliokaushwa na kusagwa. Utaiona kwa jina hilo au kwa nambari CI 75470. Marafiki zangu wawili Waislamu na mmoja asiyekula nyama waliacha lipstiki moja kila mmoja siku walipojua hilo.

Usinielewe vibaya, sikwambii uinunue Revlon. Nakuambia ujue unachotafuta. Fenty Beauty ya Rihanna ilipotoka Septemba 2017 na faundesheni za rangi 40, kampuni kubwa zilizokuwa zikidai kwamba sisi ni soko dogo zilijikuta zinakimbizana kuongeza rangi za giza. Mei 2022 ikaletwa rasmi Kenya. Na kabla hata ya hapo, Suzie Wokabi alikuwa ameanzisha SuzieBeauty hapa Nairobi, na Nelly Tuikong akaja na Pauline Cosmetics, wote wakianza na ngozi ya Mwafrika badala ya kuifikiria mwishoni. Kwa hivyo mtu akikwambia leo kwamba rangi za ngozi yetu hazitengenezwi, huyo ana mzigo wa zamani anaotaka kuumaliza.

Tuje kwenye kujaribu, maana hapa ndipo tunaibiwa.

Tatizo la kwanza ni taa. Maduka mengi ya jiji yana taa nyeupe kali ambazo hufanya kila kitu kipendeze. Toka nayo mlangoni. Muuzaji akikataa, mpe kitambulisho chako ashike, utani kando, na akizidi kukataa nenda duka la pili. Tatizo la pili ni mahali unapopaka. Faundesheni haijaribiwi nyuma ya kiganja. Mkono wako umepigwa jua tofauti na uso. Paka mstari kwenye taya, usubiri dakika kumi, kwa sababu nyingine hubadilika zikishakauka. Lipstiki ya sampuli usiiguse kwa midomo, tafadhali. Hujui nani ameibusu asubuhi. Tembea na vijiti vya pamba kwenye mkoba, chota kidogo, upake kwenye ncha ya kidole upande wa ndani. Ngozi ya pale inakaribiana na mdomo kuliko mahali pengine popote mkononi. Na rangi ya kope: gusa mara moja, buruta kwenye mkono mara moja. Ukihitaji mara ya pili kuiona, rudisha.

Na wewe kaka unayemnunulia mpenzi zawadi, piga picha ya lipstiki anayomalizia uende nayo dukani. Usikisie.

Rangi ya kucha ndiyo rafiki yetu wa kweli, na mtaani tunaiita Cutex hata chupa ikiwa imeandikwa jina lingine. Hapa ngozi nyeusi ina bahati kubwa. Njano ya embe, chungwa kali, bluu ya sare ya shule, nyeupe safi: zote zinawaka kwenye vidole vyetu namna ambayo kwenye vidole vyeupe zinabaki kuwa rangi tu. Zinazotusumbua ni zile za waridi hafifu na kijivujivu, ambazo zikikosa pigmenti hutoka na michirizi kama kioo kilichopanguswa kwa gazeti. Kuna mbinu niliyofundishwa na dada anayenitengeneza kucha: kabla ya kukubali rangi, mwombe apake tone kwenye kipande cha selotepu, kisha kibandike juu ya kucha. Utajua ndani ya dakika moja.

Rangi iliyoshiba pia huacha umanjano kwenye kucha, hasa nyekundu. Kwa hivyo safu ya kwanza iwe ile isiyo na rangi. Kisha mipako miwili myembamba, usiweke mmoja mnene, utaenda kulala haujakauka na shuka litachapwa kwenye kucha. Na ukimwona mtu anamimina asetoni kwenye chupa iliyoganda ili "kuifufua", inuka. Asetoni inaivuruga rangi na itaanza kubanduka hata kabla hujafika stejini. Kwa mashabiki wa jeli ya kukausha kwa taa, uliza imetengenezwa kwa nini. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kemikali moja ya jeli hizo, TPO, tangu Septemba 1, 2025, na sioni kwa nini mabaki ya huko yaje yaishie kwenye vidole vyetu.

Nikiwa Mombasa mwezi uliopita, rafiki yangu alinicheka nikihangaika na chupa zangu. Yeye anapaka hina. Haibanduki, haizuii maji ya udhu, na inaingia kwenye ngozi yenyewe badala ya kukaa juu. Sikuwa na la kumjibu. Nilichomwomba ni awe macho na ile piko nyeusi ti inayochanganywa na dawa ya nywele, maana imewachoma wengi ngozi hadi malengelenge.

Wauzaji nao wana deni. Hatuombi makuu. Fungueni chupa moja ya sampuli kwa kila rangi. Acheni kubandika picha za mikono ya Wazungu juu ya rafu zilizo Dubois Road. Pakeni kwenye mkono wenu wenyewe, si uko hapo? Wekeni sipiriti na karatasi za kupangusia. Bidhaa ya nje iwe na stika ya KEBS tunayoweza kuikagua. Na mteja akirudi kulalamika kwamba rangi haikutoka, mrudishieni pesa au mumpe nyingine, na ule mkebe uacheni pale ulipo, au bora zaidi, utoeni dukani kabisa.

Kile kisanduku cha vyumba kumi na viwili bado ninacho. Mtoto wa dada yangu anakitumia kuchorea, kwenye karatasi nyeupe. Nami naandika haya nikiwa na kucha nyekundu, siku ya sita, na iliyobanduka ni ya gumba peke yake. Hiyo siilaumu rangi. Jana nilisugua sufuria ya ugali.