Kafe resa ianze na breki
Kijana wa Buruburu au Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, anayetaka kugeuza pikipiki kuukuu iwe kafe resa, mtindo uliovuma Uingereza miaka ya 1950 na 1960, aanze na fremu na breki kabla ya kiti na rangi. Usukani ukishushwa kama mtindo huo unavyotaka, dereva huinama na uzito huhamia gurudumu la mbele, hapo breki chakavu ni hatari tupu kwenye Barabara ya Jogoo. Honda CG125 iliyozinduliwa mwaka 1976 ni chaguo la busara: bodaboda nyingi kutoka China zimeiga injini yake, hivyo vipuri havisumbui.

Wapo watakaosema nyumba nyingi za Eastlands hazina gereji. Ni kweli, lakini kupima na kufungua vyuma hufanyika hata uani. Kazi ya kuchomelea ipelekwe kwa mafundi wa Kariobangi Light Industries, ambao ustadi wao tunaudharau bila haki. Wengine wataona usajili wa mabadiliko ni usumbufu. Nadhani hati ya umiliki isiyolingana na injini ni hasara kubwa zaidi. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ijulishwe mabadiliko hayo, na fremu yenye namba iliyosagwa isinunuliwe hata kwa bei ya kutupa.